Herufi za Kiarabu, lugha ya Kiajemi

Wapo wenzetu ambao kwa kuwa wamepita madrasa na herufi wanazijua, wakiona gazeti la Iran husema hicho ni Kiarabu kilichoharibika. Wenye mtazamo huo ndio hao hao wasemao Kiswahili nacho ni Kiarabu kilichochanganywa. Mimi siafiki. Hebu tuichambue sentensi moja tu:

Daneshjuyan ketab-e ostad ra nakhandand.

Yaani, wanafunzi hawakukisoma kitabu cha ustadhi.

Ketab ni Kiarabu, hilo halina ubishi. Lakini ostad ni neno la Waajemi wenyewe. Waarabu ndio waliolichukua wakasema ustaadh, nasi tukalipata kwa mkono wao. Je, hapo nani kamharibia mwenzake?

Ile -e inafanya kazi ya "cha" yetu, isipokuwa haibadiliki kwa ngeli, na kwa kawaida haiandikwi; msomaji huitia mwenyewe. Ra huonyesha kuwa kitabu kinachotajwa kinajulikana. Sisi tunatumia "-ki-" ndani ya "hawakukisoma". Kitenzi kimekaa mwisho: na- inakanusha, khand ni shina la kusoma kwa wakati uliopita, na -and ni "wao". Kiarabu kingesema lam yaqra'uu, kikanushi kikisimama peke yake nje ya kitenzi.

Utamu hasa uko kwenye daneshju. Danesh ni elimu, ju inatokana na kutafuta. Basi mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtafuta elimu. Weka gah, yaani mahali, upate daneshgah, chuo kikuu chenyewe. Kiarabu huzalisha maneno kwa kuugeuza mzizi kwa ndani: kitabu, katibu, maktaba. Kiajemi aghalabu huunganisha neno na neno. Hata "serikali" yetu chimbuko lake ni sar, kichwa, na kar, kazi.

Imebaki -an, ambayo ni ya wingi (y iliyotangulia ni ya kulainisha matamshi tu). Hapa ndipo wajuzi wetu wa herufi wanapoteleza. Talib ni Kiarabu, lakini Taliban ni wingi wa Kipashto, lugha ambayo nayo ina -an kama Kiajemi. Aliyeshika nahau ya Kiarabu peke yake atakwambia, tena kwa kujiamini, kuwa maana yake ni wanafunzi wawili.