Soma huku kalamu mkononi

Ndugu Waislamu, wengi wetu tunasoma, lakini tukiulizwa hukumu tuliyoitaja imetoka wapi, tunajibu: “Nimesoma mahali.” Dini haisimami juu ya “mahali”. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Abdullah bin Amr bin Al-Aas kuandika aliyoyasikia kwake, na maandishi yake yakajulikana kama Sahifa Swadiqa. Ikiwa Swahaba alishika kalamu, sisi tunategemea nini?

Hapa Basotu, wilayani Hanang, nawakataza wanafunzi wangu kunakili kitabu kizima. Mkono hufanya kazi, akili ikalala. Soma ukurasa, funika kitabu, andika mistari mitatu kwa maneno yako. Kisha fungua, sahihisha, weka jina la kitabu na namba ya ukurasa. Aya na hadithi tu ndizo za kunakili neno kwa neno.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, baada ya kujipima mwenyewe, alionesha kuwa sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea siku ya kwanza. Kwa hiyo jiulize tena kesho yake kabla ya kutazama daftari, kisha baada ya wiki. Tuanze na kitabu kimoja, inshaallah.