Sigara Haitulizi Hasira

Sisi wa Mpanda tumbaku tunaijua. Tunaipanda, tunaichuma, tunaikausha kwenye mabani. Jani bichi lenye umande, ukilichuma kwa mikono mitupu, laweza kukutia kizunguzungu na kukutapisha. Kinachofanya hivyo huitwa nikotini. Nikotini hiyo hiyo imo katika sigara, katika msokoto na katika ugoro.

Ukivuta, nikotini hupita mapafuni, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo kabla hujahesabu hadi 20. Unajisikia vizuri. Lakini baada ya saa 2 hivi, nusu yake imekwisha katika damu. Ubongo uliozoea huanza kudai. Hutulii, na mtoto akiangusha kikombe unamfokea. Vijana huita hali hiyo arosto. Ukivuta tena, unatulia, kisha unasema, "Sigara inanituliza hasira." Kumbe imetuliza hasira iliyoileta yenyewe! Ni kama mtu akuchome mwiba, halafu adai ahsante kwa kuuchomoa.

Habari za kikohozi na saratani tumekwisha zisikia. Hili la moyoni hatulisemi. Mfikirie mkulima aliyetoka sokoni. Tumbaku yake imepewa daraja la chini, na deni la mbolea liko pale pale. Anafika nyumbani, anakaa nje, anawasha sigara.

"Baba Maria, soko vipi?"

"Salama tu." Anawasha nyingine.

Basi inafika siku hata mwenyewe hajui kama ana hasira, ana woga, ana huzuni, au ana kiu ya sigara tu. Yote anayapa dawa moja. Mkewe atalijua deni siku mdai atakapobisha hodi.

Wengine wameacha pombe, lakini sigara hawaigusi. Husema, "Niachieni hii moja." Huko Marekani, Bill Wilson alianzisha pamoja na mwenzake chama cha kusaidiana kuacha pombe mwaka 1935. Aliacha pombe, asiache sigara kwa miaka mingi. Alikufa mwaka 1971, mapafu yameharibika. Siku hizi inajulikana kwamba kuacha sigara hakumrudishi mtu kwenye pombe. Kwa wengi kunasaidia.

Ukitaka kuacha, waambie watu wa nyumbani mapema. Siku 3 za kwanza ni ngumu sana. Ukali na kukosa usingizi hupungua katika wiki 2 hadi 4. Kiu ikikushika, kunywa maji, tembea, shika jembe. Itapita baada ya dakika chache. Mkeo akiuliza, usiseme "Sina kitu." Sema, "Ni arosto," au, "Nawaza lile deni." Naye mama, asijibu ukali kwa ukali. Ni kazi, lakini ni ya siku chache. Ukishindwa ukavuta, sema pia. Anayejificha nyuma ya bani ana kazi mbili, kuvuta na kudanganya. Mganga wa zahanati naye mwulize. Ushauri wake husaidia.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini mvutaji hudhani sigara inamtuliza?
2. Ni jambo gani nyumbani kwenu husemwa "Salama tu," na kumbe si salama?