SOMO: MEZANI, SI MLANGONI

Soma: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13



Katika michezo ya watoto wakati wa likizo, kijana mmoja mwenye hali ya Down alikuja uwanjani na dada zake. Sisi walimu tulimpokea kwa furaha, kisha tukamwambia alinde viatu vya wenzake. Alivilinda siku tatu. Siku ya nne hakuja. Tulipomtembelea mama yake, alituambia, "Pasta, mtoto wangu si mlinzi. Naye alitaka kupiga mpira." Tulikosa jibu.

1. TUIFAHAMU HALI HII

Chembe za mwili kwa kawaida zina kromosomu 46, yaani vinyuzi vidogo vinavyobeba urithi wa baba na mama. Wengi wenye hali ya Down wana 47, kwa sababu kromosomu ya 21 ziko tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866, na chanzo chake kilitangazwa Paris mwaka 1959. Basi si laana, si uchawi, si kosa la mama, wala haiambukizi. Watoto hawa hujifunza polepole, lakini hujifunza.

2. TUMTAZAME MEFIBOSHETHI

Alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, akaanguka, akalemaa miguu. Sisi wa Nakivale tunazijua mbio hizo. Baadaye Daudi alimtafuta huko Lo-debari. Hakumtumia chakula huko mbali, wala hakumweka mlangoni. Alimketisha mezani kama mmoja wa wana wa mfalme, tena siku zote. Sisi tulimweka kijana wetu mlangoni tukadhani tumempenda.

3. TUFANYE NINI UWANJANI?

a) Afya kwanza. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo. Kabla ya mbio, mzazi amfikishe kituo cha afya. Akipewa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, kanisa limsaidie nauli. Shingo pia yaweza kuwa dhaifu: asipindue kichwa chini miguu juu, wala asipige mpira kwa kichwa.

b) Onyesha kuliko kusema. Neno moja, tendo moja, kisha rudia. Wengi huelewa kwa macho zaidi, na wengine hawasikii vizuri.

c) Mpe mwenzi wa kucheza naye. Special Olympics, iliyoanza Chicago mwaka 1968 na ambayo iko hata Uganda, huwa na timu zinazochanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Nasi tunaweza, hata kwa mpira wa mifuko.

d) Akiketi chini katikati ya mchezo, usimvute wala usimpige. Huenda amechoka au hajaelewa. Mngoje, mwonyeshe tena.

e) Mpe zamu kamili. Asichekwe, wala asifanywe mtoto mchanga. Kijana wa miaka kumi na minne acheze na vijana wenzake.

Tulirudi kwa yule mama tukaomba msamaha. Sasa kijana anacheza kila Jumamosi, na mwenzake humwonyesha upande wa goli. Mara mbili amefunga katika goli la timu yake, na mchezo ukaendelea. Viatu tunavilinda kwa zamu, hata sisi walimu.

Ewe mzazi unayemficha mtoto ndani, uwe Base Camp, Juru au Rubondo, tunakusihi: mlete. Ukiogopa maneno ya watu, tutakuja kumchukua pamoja nawe.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Nani katika jirani zetu bado yuko Lo-debari?
2. Je, tumempa mtu "kulinda viatu" tukaita upendo?
3. Jumamosi hii, mtoto wetu yupi atakuwa mwenzi wa mwingine?

Tuombe: Ee Bwana, uliyetupa mahali katika nchi ya ugeni, utufundishe kumpa mwenzetu mahali. Amina.