Kujifunza Kuandika Programu za Usanifu wa Majengo Safarini kati ya Sitalike na Mpanda

Kijiji cha Sitalike, kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kiko takribani kilomita 35 hadi 40 kusini mwa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mchora ramani au mwanafunzi wa ujenzi anayeishi kijijini na kushughulika mjini hukaa garini mara mbili kwa siku, na ingawa kiti cha basi hakifai kuchorea, kinafaa kufikiria, jambo ambalo ndilo sehemu kubwa ya kuandika programu.

Programu ni mfuatano wa maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza bila kuchoka wala kubahatisha. Katika usanifu wa majengo, maagizo hayo huandikwa ndani ya programu ya kuchorea ili kazi ya kujirudia ifanyike yenyewe: AutoCAD, iliyotolewa mwaka 1982, iliongezewa lugha ya AutoLISP mwaka 1986 kwa madhumuni hayo, na FreeCAD, ambayo hupatikana bure tangu mwaka 2002, hupokea maagizo ya lugha ya Python. Kwa mwanafunzi ambaye bado hajaweza kulipia leseni, FreeCAD ndiyo mahali bora pa kuanzia.

Mfano ulio karibu na kila mkazi wa Katavi ni paa la bati. Nyumba yenye upana wa mita 8 na paa la migongo miwili linaloinama kwa nyuzi 15 ina nusu ya upana ya mita 4, na kimo cha paa hupatikana kwa kuzidisha nusu hiyo kwa tanjenti ya nyuzi 15, yaani mita 1.07 hivi. Urefu wa mbao ya mteremko wa kenchi, ukiongezwa ukingo wa sentimita 60 unaokinga ukuta dhidi ya mvua, hupatikana kwa kugawanya mita 4.6 kwa kosaini ya nyuzi hizo, nao ni mita 4.76. Anayeandika programu haandiki majibu hayo. Huandika uhusiano wake, akiupa upana, pembe na ukingo majina yanayoitwa vigeu kwa sababu thamani zake hubadilika, hivyo mteja akitaka nyumba ya mita 9, namba moja tu hubadilishwa na paa zima hujipanga upya.

Makosa ya kawaida katika hesabu hiyo yanaweza kugunduliwa bila kompyuta. Python hupima pembe kwa radiani, kipimo ambacho kimoja chake ni sawa na nyuzi 57.3 hivi, na mwanafunzi akiandika 15 bila kubadilisha nyuzi kuwa radiani, atapata kimo cha mita 3.42 chini ya sifuri, yaani paa lililozama ardhini. Vivyo hivyo, ndani ya FreeCAD namba tupu huhesabiwa kwa milimita, kwa hiyo nyumba iliyoandikwa 8 badala ya 8000 huwa na upana wa milimita 8 tu, kama punje ya mahindi. Anayesoma mistari kumi ya maagizo akiwa garini, akakadiria jibu kichwani na kuliandika kwenye daftari kabla ya kuijaribu jioni, hujifunza kuyaona makosa haya mapema, na huo ni ujuzi ambao kutazama video peke yake hakuleti.

Mafunzo yapakuliwe kwenye simu kabla ya kuondoka, ili msomaji asitegemee mtandao wala kumaliza bando njiani. Ushauri huu ni wa abiria wa basi pekee: dereva wa chombo chochote, na hata abiria wa bodaboda, hapaswi kushika simu barabarani kwa kisingizio cha masomo. Tena, paa lililochorwa na programu bado linahitaji jicho la mtaalamu, kwa kuwa kazi ya mbunifu majengo nchini Tanzania husimamiwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na kompyuta haisajiliwi na bodi inayowasajili wabunifu hao.

Msomaji aliye tayari kuanza apime leo upana wa nyumba anayolala, na kesho akiwa njiani kwenda Mpanda aandike daftarini hatua za kupata kimo cha paa lake.