Jicho la Simbilisi

Simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Siku hizi hufugwa katika nchi nyingi, hata Iringa, Njombe na Mbeya, na huko Kivu katika Kongo. Mtoto wa panya huzaliwa kipofu, bali mtoto wa simbilisi huzaliwa macho yake yamekwisha kufumbuka. Macho hayo ni makubwa, tena yametokeza. Naye hushinda katikati ya majani, kwa hiyo huumia upesi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na simbilisi jike, ambaye hakumfuga kwa nyama bali kwa kumpenda. Siku ya Jumatatu aliona jicho lake la kuume linatoka machozi. Akasema moyoni, "Litapona lenyewe." Siku ya Jumatano jicho lilikuwa limefumba nusu, na ukungu mweupe juu yake. Siku ya Ijumaa mnyama alikataa kula, ndipo aliponiletea.

Nikamwuliza, "Mbona hukumpeleka kwa daktari wa mifugo?"

Akajibu, "Mwalimu, ada ya daktari inapita bei ya simbilisi mwenyewe."

Sikumkemea, kwa maana alisema kweli. Tukaenda pamoja. Daktari alitia jichoni tone la dawa ya rangi, akamulika kwa taa, nasi tukaona alama ya kijani mahali palipochomwa na ncha ya jani kavu. Akasema, "Mngalikuja siku ya kwanza, dawa ya matone huenda ingalitosha. Sasa jicho limetoboka, sharti litolewe."

Basi akamlaza simbilisi usingizi, akalitoa jicho. Gharama ikawa mara nyingi kuliko ile aliyoiogopa kijana. Alilipa kidogo kidogo, kwa kuuza mayai ya kuku wake. Simbilisi akapona, akaishi vema na jicho moja, akiongozwa na pua, masikio na masharubu yake. Lakini kijana aliniambia, "Nalitaka kuokoa fedha, nikaipoteza pamoja na jicho."

Enyi wanafunzi, shikeni mambo haya:

1. Mtazame simbilisi wako macho kila asubuhi. Majimaji meupe kama maziwa, anayojipakaza usoni akijisafisha, si ugonjwa. Lakini machozi yasiyokoma, tongotongo, wekundu, ukungu, au jicho kufumba, ni dalili za ugonjwa.

2. Majani makavu yawe laini, na matandiko yasiwe na vumbi. Mpe na majani mabichi na pilipili hoho kila siku. Kwa kuwa simbilisi, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na akiikosa hudhoofika.

3. Tongotongo lifute polepole kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kilichochoma jicho usikivute. Usitie dawa ya macho ya watu, maana nyingine huzidisha jeraha. Wala usimpe penisilini kwa kinywa, kwani yaweza kumwua.

4. Akiacha kula, usingoje kesho. Pengine ubaya hauko jichoni, bali katika mizizi ya meno iliyorefuka na kulisukuma jicho.

5. Weka akiba kidogo kila juma, mnyama angali mzima. Uliza ada mapema, na umwambie daktari wazi fedha uliyo nayo, apate kukueleza lililo la lazima kwanza. Na ikiwa hapana njia ya kumtibu, usimwache ateseke. Daktari aweza kumwua pasipo maumivu.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Tena kumbukeni kwamba bei ya simbilisi sokoni si kipimo cha maumivu yake. Yeye hawezi kusema, "Naumwa." Aliyemfungia bandani ndiye wa kuona kwa niaba yake.

Maswali

1. Kijana alikosea siku gani, na angalifanya nini?
2. Taja dalili tatu za ugonjwa wa jicho.
3. Kwa nini simbilisi hulishwa pilipili hoho?
4. Mnyama wako akiugua leo, ungepata wapi ada ya daktari?