Jinsi ya Kutunza Springi za Pikapu

Pikapu ni gari la kazi. Asubuhi huchukua maziwa, mchana viazi na kabichi, na jioni huwarudisha watu makwao. Katika nyanda za Kinangop, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kenya, safari hiyo hupita katika barabara za changarawe, ambazo magurudumu yamezifanya matuta madogo madogo yafuatanayo kama mikunjo ya mabati. Gari lisilotunzwa hutetemeka juu ya matuta hayo hata nyanya zikapondeka na mgongo wa dereva ukauma. Wenye magari wengi hudhani ya kuwa dawa ya taabu hiyo ni kuongeza chuma. Sivyo. Dawa ni kuzifahamu springi, kuzikagua kwa wakati wake, na kuzipa mzigo uliopimwa.

SPRINGI NA SHOKAPU

Pikapu nyingi zimefungwa springi za bapa upande wa nyuma, yaani bamba ndefu za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Bamba hizo hushikwa pamoja na bolti moja ya katikati, kisha hukazwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopindwa mfano wa herufi U. Ncha moja ya springi hushikwa imara kwenye fremu ya gari. Ncha ya pili hushikwa na shekeli, ambayo ni kama bawaba, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa.

Springi hubeba mzigo, lakini haijui kutulia. Ikiisha kukandamizwa hupanda juu, hushuka chini, na kupanda tena. Kazi ya kuituliza ni ya shokapu. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayosukumwa kupita katika matundu madogo, na ugumu wa kupita huko huugeuza mtikiso kuwa joto. Shokapu ikifa, tairi hurukaruka badala ya kushika barabara, na breki zikikanyagwa gari huchelewa kusimama. Kwa hiyo jambo hili si la starehe tu. Ni la uhai wa watu.

MAMBO YA KUKAGUA

Yafaa mwenye gari afanye kazi hii kila juma, na tena baada ya safari ya barabara mbaya.

1. Alisimamishe gari bila mzigo mahali tambarare, kisha alitazame kutoka nyuma. Upande mmoja ukiwa chini kuliko wa pili, huenda springi ya upande huo imechoka au imevunjika.

2. Aoshe matope, kisha atazame kila bamba. Ufa huonekana kama mstari mwembamba, mara nyingi wenye kutu.

3. Atazame bolti za U. Zikilegea, bolti ya katikati huweza kukatika, ekseli ikahama mahali pake, na gari likaenda upande upande kama kaa. Zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Springi ikiisha kufungwa upya, zikazwe tena baada ya kilometa mia chache.

4. Aikandamize kila pembe ya gari kwa nguvu, kisha aiachie. Yapasa ipande na kutulia mara moja. Ikiendelea kunesanesa, au shokapu ikionekana imelowa mafuta, basi imekwisha. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia pamoja.

5. Azitazame bushi za mpira. Zilizopasuka hubadilishwa. Zisipakwe grisi wala mafuta ya injini, maana huuharibu mpira. Lakini pini za shekeli zenye nipeli hutiwa grisi mpaka grisi chafu ya zamani itoke.

6. Apime upepo wa tairi asubuhi, kabla gari halijaenda. Kipimo chake huandikwa katika kibandiko, ambacho mara nyingi huwa penye mlango wa dereva. Upepo uliozidi huligonga gari. Uliopungua huitia tairi joto mpaka ipasuke.

Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Magurudumu yazuiwe kwa mawe, na gari liegemezwe juu ya viegemeo imara.

KOSA LA KUONGEZA BAMBA

Wako watu wanaoongeza bamba mbili tatu ili pikapu ibebe zaidi. Matokeo yake ni mabaya. Gari likiwa tupu, springi hazipindiki, na kila tuta hupiga moja kwa moja kwenye fremu. Likiwa na mzigo, breki, ekseli na tairi ni zile zile za zamani, wala nguvu zake hazikuongezeka. Kadhalika, bamba iliyovunjika isichomelewe. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu uliotiwa katika chuma hicho kiwandani, nayo itavunjika tena, pengine katika mteremko.

Ni afadhali kufanya hesabu. Mfano ni huu. Pikapu imeandikiwa kubeba kilo 1,000. Uzito huo ni wa vyote viingiavyo garini, watu pamoja na mizigo. Watu watatu wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 210. Zinazobaki ni kilo 790, yaani magunia 15 ya viazi ya kilo 50 kila moja, wala si 20. Magunia hayo yapangwe chini, na mengi yake yawe mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukizidi nyuma, sehemu ya mbele huinuka, usukani huwa mwepesi, na taa huwamulika usoni wale wanaokuja.

Mwenye pikapu anayeacha magunia matano nyumbani huona amepata hasara siku hiyo. Lakini springi ikikatika njiani, hasara ni ya magunia yote, na ya siku nyingi za kazi, na pengine ya mtu asiyeweza kununuliwa tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.