Somo: Msemo wa Kiingereza «break the ice»

Katika semina nyingi za amani mwezeshaji huanza kwa kusema: «Let us break the ice.» Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, «tuvunje barafu», watu huangaliana. Barafu iko wapi? Kwetu iko juu ya mlima Ruwenzori, lakini si hiyo inayosemwa.

Maana yake

Msemo huu ni wa nchi za baridi. Huko maji ya mito huganda, na chombo hakipiti mpaka barafu ivunjwe mbele yake. Vivyo hivyo, watu wasiozoeana wakikutana hunyamaza na kuoneana haya. Anayewatoa haya kwa salamu au hadithi amewafungulia njia. Kifaransa kinasema vilevile: «briser la glace».

Matumizi

Neno «the» halitoki: hatusemi «break an ice». Kwa wakati uliopita tunasema «broke». Mfano: «The chief told a story and broke the ice.» Yaani, chifu alisimulia hadithi, watu wakaanza kuongea.

Kwa Kiswahili, mkalimani aseme «tuzoeane kwanza» au «tufungue maongezi». Asiseme «tuvunje ukimya», kwa sababu maneno hayo hutumika sana kwa kufichua ukatili. Mama aliyeteswa anaweza kudhani anaombwa kutoa ushuhuda wake mbele ya wote.

Tuangalie

Msemo huu hauna maana ya kupatana. Wahamaji na wenyeji wanaweza kucheka pamoja asubuhi, na mchana ugomvi wa shamba bado upo. Kiongozi akiandika katika ripoti «we broke the ice», amesema watu wameanza kuongea. Hakusema wamesameheana. Asiyetofautisha anaweza kuwaambia familia warudi kijijini kabla njia haijawa salama.

Tusichanganye pia na «put on ice». Huko ni kuahirisha. Mkiambiwa shauri la ardhi yenu ni «on ice», halijaisha, limesimamishwa tu. Ulizeni litaendelea lini.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwetu, wageni wawili wakikutana, nani huanza kusema, na huanza na nini?
2. Katika mkutano wetu wa mwisho, tulizoeana tu au tulipatana? Tunajuaje?
3. Baada ya watu kuanza kuongea, hatua gani inafuata?